Nibakizie Uji

Nianze kwa kusema kwamba sina subira na mtu anayeniambia watoto wangu "wanacheza tu". Nafundisha chekechea hapa Nkuhungu, Dodoma, na kila mwezi hakosekani mzazi wa kunisimamisha getini aniulize mbona mwanawe haleti daftari lililojaa maandishi. Baba mmoja, mtu wa wizarani kule Mtumba, aliniambia kwa upole kabisa kwamba mtoto wa jirani yake, umri huohuo, anaandika namba mpaka mia. Nikamjibu kwa upole uleule kwamba wa kwangu wanajua kugawana vitu vichache bila kupigana, na kama anaona hilo ni dogo akalijaribu na wenzake ofisini. Mwalimu Angelina, mkuu wetu wa kituo, aliniita baadaye akaniomba nipunguze mdomo. Nimejaribu, Mungu ni shahidi.

Darasa langu nimeligawa kona kona. Kuna kona ya kujengea, ina vipande vya mbao nilivyoomba kwa seremala. Kuna kona ya duka, na nje kuna shimo la mchanga. Halafu kuna kona ya nyumbani, na ukiniuliza watoto wanajifunzia wapi zaidi nitakuonyesha hapo. Nimetandika mkeka, nimeweka mafiga matatu, visufuria, vikombe vya plastiki vyenye vifuniko, na watoto wa magunzi ya mahindi niliowavisha vitambaa. Hapo pana sheria moja ambayo hata Mwalimu Angelina anaifuata. Mkubwa haingii kwenye mchezo mpaka watoto wenyewe wamkaribishe, na akikaribishwa anavua viatu na kuwa yule waliyemwambia awe. Wakisema wewe ni mbuzi, basi wewe ni mbuzi, utakula majani. Huruhusiwi kuingia ukaanza kuwapangia.

Sasa nije kwa Joha.

Joha alianza kwangu mwanzoni mwa mwaka. Baba yake, Uwesu, alikuwa dereva wa lori, akileta alizeti na mahindi mjini kutoka Kondoa, ambako ndiko kwao. Asubuhi za safari yeye ndiye aliyemleta mtoto, na getini alikuwa na neno lake moja. Aliinama, akamshika kidevu, akamwambia, "Nibakizie, mama." Kwao ilikuwa hivyo. Baba akiwa safarini, chakula chake kilipakuliwa kwenye sahani kikafunikwa kwa sahani nyingine, na kazi ya kufunika ilikuwa ya Joha. Siku ya nyama alimega kipande chake mwenyewe akakiweka juu ya ugali wa baba. Uwesu akirudi, vumbi kichwani mpaka kwenye kope, alifunua sahani na kujifanya anashangaa ile nyama imetoka wapi. Yote hayo Joha alinisimulia mwenyewe pale mkekani, akikoroga mchanga kwenye kisufuria.

Kisha siku moja lori likapinduka njiani, na Uwesu hakutoka hai.

Walimzika kesho yake Kondoa, karibu na kaburi la baba yake. Mkewe, Batuli, akaanza kukaa eda katika nyumba yao hapa Nkuhungu. Siku zile nyumba ilipojaa watu, Joha alihamishiwa kwa jirani, kwa kina Munira, mtoto mwingine wa darasa langu, ili asione kilio. Watu walipotawanyika akarudishwa nyumbani, akaambiwa mama anaumwa kidogo, ndiyo maana hatoki nje. Na kwa kuwa mwanamke wa eda hatoki, aliyemleta shuleni Jumatatu ile alikuwa bibi yake, mama yake Uwesu, Bibi Mwamvua, aliyeshuka kutoka Kondoa kuja kumtunza mkwewe.

Nilimwamkia, akaitikia, tukapeana pole. Aliniita pembeni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, wa kusema taratibu, na Kiswahili chake unasikia Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, kikitembea chini yake.

"Mwalimu, mtoto huyu hajui, na asijue kutoka hapa," aliniambia. "Tumemwambia baba yuko safari. Mtoto habebeshwi msiba."

Nikamuuliza mpaka lini. Akasema mpaka akue. Nikataka kumuuliza akue mpaka wapi, mpaka aolewe? Lakini nilimtazama usoni nikameza swali langu. Huyu ndiye aliyemzaa Uwesu, mimi ni nani nimpangie. Nikasema sawa, bibi. Nilisema sawa, ila roho yangu iligoma palepale, na siku nzima nilikuwa mkali kwa kila mtu bila sababu.

Joha hakulia wala hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya nyumbani akawasha moto wake wa kijiti. Watoto wengine wakigombania nani awe baba, yeye aliwakatalia wote. Baba yupo njiani, alisema, hapa haitwi mwingine. Kefa, mtoto wa mzee wa kanisa na mpenda vyeo tangu anazaliwa, alikasirika akahamia dukani.

Saa nne tunawapa uji wa uwele wenye karanga. Joha alipokea wake, akanywa mafunda kidogo, akaenda kwenye kona ya nyumbani, akachukua kikombe chenye kifuniko na kumiminia humo uji wote uliobaki. Akafunika vizuri, akakandamiza kwa kiganja. Nikamuuliza huo wa nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Wa baba. Alisema nimbakizie."

Haya. Nikaona ni jambo la siku moja. Haikuwa la siku moja. Kila siku mafunda machache, kinachobaki kinafunikwa, kikombe kinakwenda nyumbani kwenye mfuko wake. Nikatumia akili yangu ya kiutu uzima. Nikamwambia Joha, uji upo mwingi, wewe kunywa wako umalize, halafu nitakupakulia mwingine kamili wa baba. Akatikisa kichwa polepole, kwa huruma, akiona mwalimu wake mambo haya hayajui.

"Ticha, ukipakua mwingine siyo kubakiza," akasema. "Kubakiza unatoa kwenye chako."

Mnielewe, mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watoto hawa kugawana.

Na kila asubuhi alifika na kikombe kile kikiwa kitupu, akanionyesha ndani. "Amekunywa wote," aliniambia, na hiyo ndiyo saa pekee uso wake ulikuwa wa zamani. Mimi nilichukulia ni mchezo wake, ameubeba mpaka nyumbani. Watoto wanafanya hivyo. Nikamsifu baba kwa kunywa uji vizuri, tukaendelea. Lakini mtoto alikuwa anakwisha. Sare ilianza kumpwaya, shingo ikawa nyembamba, na kwenye shimo la mchanga, pale alipokuwa wa kwanza kuruka, akawa anakaa ukingoni kuwaangalia wenzake.

Ikabidi niende kwao. Nilikwenda baada ya kazi, nikakaribishwa chumbani kwa Batuli. Alikuwa amekaa kwenye mkeka na nguo zisizo na pambo, macho yamezama. Alinishukuru kwa kuja mpaka nikaona aibu. Karibu na mlango wa sebuleni niliiona ile sahani, imefunikwa kwa sahani nyingine, na kando yake kikombe changu cha plastiki. Batuli akafuata macho yangu. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba na nyumbani ni hivyohivyo, mtoto anakula nusu, siku nyingine robo, na ukimlazimisha analia kwamba baba atakuta kumekwisha. Yeye Batuli alitaka kumwambia ukweli tangu wiki ya kwanza. Mama mkwe hataki, naye hana nguvu ya kubishana, hasa sasa.

Nikatoka kwenda uani kwa Bibi Mwamvua, nimejiandaa kwa vita. Alikuwa anawachambulia kuku mtama. Nilimwambia yote, tena si kwa mpangilio mzuri. Nilimwambia mjukuu wake anakonda kwa kumlisha mtu ambaye hayupo, na kwamba siku itafika tutamzika na yeye. Mdomo wangu huo. Bibi hakukasirika. Aliweka ungo chini, akanyoosha miguu.

Alinisimulia kwamba mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na umri wa Joha. Wakamwita ndani, wakamwambia, wakamfunulia shuka aage. Hakuna aliyemshika mkono. Kwa muda mrefu baada ya hapo hakulala bila kupiga kelele, na mpaka leo uso wa mama yake anaoukumbuka ni ule wa kwenye shuka. Ule wa hai umepotea kabisa. Aliapa hatamfanyia mtoto yeyote wa tumbo lake alivyofanyiwa yeye.

"Acha Joha abaki na uso wa baba yake anayecheka," akasema. "Kula atakula. Njaa haina adabu, itamshinda."

Nilirudi kwangu kwa miguu, upepo wa Dodoma ule wa mchana unanipiga mchanga machoni, na hasira yote imenitoka. Ingekuwa rahisi kama yule mama angekuwa mkatili. Hakuwa mkatili, alikuwa anaogopa.

Njaa haikumshinda Joha. Yeye ndiye aliyeishinda, mpaka asubuhi ile tulipokuwa nje watoto wakijenga nyumba za mchanga juu ya miguu yao. Joha alisimama akataka kwenda kuchota maji, akayumba, akaanguka kifudifudi. Nilimnyanyua. Mwepesi, jamani, mwepesi kama mfuko mtupu. Midomo mikavu, macho yanazunguka. Nilimlaza kivulini nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo, watoto wote wametuzunguka. Alipofumbua macho, Munira akachuchumaa mbele yake. Munira si mtoto mbaya, anasema anachokijua tu.

"Baba yako alikufa," alimwambia. "Baba yangu alienda kumzika."

Nikamtazama Joha, nikasubiri kilio. Joha akajifuta mchanga mdomoni na kumjibu Munira bila hata kupandisha sauti.

"Hajafa. Jana amekunywa uji."

Akageuka kuniangalia mimi, shahidi wake. Kikombe kitupu si alinionyesha? Si nilimsifu baba? Munira naye akaniangalia. Nilikuwa nimeahidi kutosema, nikakaa kimya, na kimya kile kikawa upande wa kikombe.

Tulimpeleka zahanati. Nesi alimpima, akasema uzito umeshuka mno, mtoto hana ugonjwa, ana njaa, na akiendelea hivi tutamrudisha amebebwa. Mwalimu Angelina akampigia simu Bibi Mwamvua, akamweleza kila kitu, pamoja na maneno ya Munira.

Bibi alifika nasi tumeshamrudisha Joha kituoni. Alikuja kwa hasira na khanga imevutwa kichwani. Alisema hii si shule. Alisema amemleta mtoto asome, sisi tumemweka jikoni kwenye mkeka, apike mchanga na kuota njozi, na huo mchezo wa kupika ndio uliomharibu. Angekuwa anaandika na kusoma kama watoto wa shule nyingine, angekwishasahau. Joha haji tena hapa, kesho wala kesho kutwa. Mwalimu Angelina alinibana mkono nisijibu. Safari hii nilitii, kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitalia.

Bibi akaingia darasani kumchukua mjukuu wake. Joha alikuwa amekaa kwenye kona ya nyumbani, amegoma kulala, na uji tuliompa alikuwa ameshaugawa. Nusu kikombe kilikuwa kimefunikwa mbele yake. Bibi akamwambia inuka twende. Joha hakuinuka. Alimtazama bibi yake juu mpaka chini, akawa anawaza kitu, halafu uso ukafunguka.

"Bibi, karibu. Vua viatu."

Bibi akanigeukia. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba hiyo ndiyo sheria ya hapa, akikaribishwa avue akae, na awe anayeambiwa awe. Sijui kwa nini alitii. Labda kwa sababu mtoto yule hakuwa amemkaribisha mtu mahali popote tangu msiba. Alivua kandambili, akakunja magoti, akakaa kwenye mkeka wa watoto na mwili wake ule mrefu.

"Wewe ni baba," Joha akamwambia. "Umerudi safari." Akakipangusa kikombe kwa upindo wa sketi, akakifunua, akamsogezea kwa mikono miwili. "Nimekubakizia. Kunywa."

Niliona mikono ya Bibi Mwamvua ikipokea. Niliona kikombe kinapanda kidogo kisha kinasimama. Mwanawe alikuwa na pua ileile na paji lilelile la uso, na nafikiri ndiyo maana Joha alimchagua. Kunywa ilikuwa rahisi. Funda moja tu na Uwesu angerudi safari mbele ya macho ya mtoto, na kesho angesubiriwa tena, na kesho kutwa. Darasa zima lilikuwa linatazama. Bibi akakiteremsha kikombe mpaka mapajani.

"Siwezi kuwa baba yako, mama," akasema.

"Basi nitampelekea nyumbani. Atakunywa usiku."

"Hanywi, Joha. Uji ule nilikuwa namwaga mimi."

Joha hakuelewa. Bibi akamweleza, polepole, kila neno analitoa kwa shida. Kila alfajiri, kabla mtoto hajaamka, yeye ndiye aliyefunua sahani na kikombe, akawamwagia kuku, akaosha, akarudisha mlangoni. Alifanya hivyo asimwone mjukuu wake analia asubuhi. Nilisimama pale nikakumbuka ule ungo wa mtama, na kuku walioshiba, na vikombe vyote vitupu nilivyoonyeshwa nikavisifia.

"Na baba?" Joha akauliza.

Bibi akakiweka kikombe chini, akamshika mikono yote miwili, akaishikilia.

"Baba alikufa. Gari ilianguka, akafa. Tumemzika Kondoa, karibu na babu yako. Harudi, mjukuu wangu. Angeweza kurudi, angerudi kwako."

Nilijua mtoto atalia, nikajiandaa kwa hilo. Sikujiandaa kwa alichouliza. Joha aliangalia kile kikombe, akahesabu kichwani mwake siku zote zile ambazo uji ulikwenda kwa kuku.

"Kwa hiyo ana njaa?"

Mwalimu Angelina alitoka nje. Mimi nilibaki, sijui niliwezaje.

"Hana njaa," Bibi Mwamvua akasema. "Aliyekufa hasikii njaa, wala kiu, wala hachoki. Yeye hana njaa tena. Mwenye njaa ni wewe."

Hapo ndipo Joha alipolia. Alilia kwa mdomo wazi, kwa sauti ya mtoto mchanga, na Bibi akamkumbatia na kuinuka naye, akatoka naye kifuani bila hata kuvaa kandambili. Nilimkimbilia nazo mpaka getini. Hakusema kama watarudi, nami sikuthubutu kuuliza.

Siku zile zilizofuata zilinitesa. Mfuko wa Joha ulikuwa bado umening'inia kwenye msumari wake. Niliwaza labda uso aliobaki nao sasa ni uso wa lori limepinduka. Niliwaza labda Bibi alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa na haraka. Nilitaka kwenda kwao, Mwalimu Angelina akanikataza. Akasema mlango wa mfiwa haubomolewi, usubiri ufunguliwe. Nikawa mtu wa kutazama geti.

Wakaja asubuhi moja, bibi na mjukuu, wameshikana mikono. Joha alikuwa mwembamba vilevile na macho yamevimba, lakini aliingia, akachukua gunzi moja kutoka kwenye kona ya nyumbani, akalivua nguo zake za rangi. Akaniomba kitambaa cheupe. Nikampa kipande cha shuka. Akalizungushia gunzi lile kwa uangalifu mkubwa, kichwa na miguu.

"Leo tunacheza msiba," akatangaza.

Nikiri kwamba niliwaza wazazi. Nilimwona yule baba wa wizarani akisikia mwanawe kashinda anacheza maziko, naye atasema ni uchuro, atapiga simu. Kisha nikasema moyoni, apige, namba yangu anayo. Nikarudi nyuma nikakaa kwenye kigoda changu.

Joha akawagawia watu nafasi zao. Kefa alipewa ushehe, na kwa kuwa mambo hayo hakuyajua, alisema "Amina" kwa kila kitu kilichosemwa, hata watu walipoulizana maji yako wapi. Munira akakumbusha kwamba wanawake hawaendi makaburini, basi wasichana wakabaki mkekani, wavulana wakalibeba lile gunzi juu ya kipande cha ubao mpaka kwenye shimo la mchanga. Walitembea polepole. Hakuna aliyecheka.

Bibi Mwamvua alikuwa bado amesimama mlangoni, khanga yake mkononi, anajiandaa kuondoka. Joha akamwona.

"Bibi, njoo," alimwita. "Wewe ni mama yake."

Bibi akavua kandambili. Akaja akakaa katikati ya wale wasichana, akaikumbatia miguu yake. Alikuwa kimya, na watoto walikuwa wanamsubiri, kwa kuwa kila mtu pale alikuwa anafanya sehemu yake. Mwishowe Munira akamsogelea sikioni, kumsaidia mtu aliyesahau.

"Mama yake analia," akamnong'oneza.

Na Bibi Mwamvua akalia. Alianza kwa mabega, kisha sauti ikatoka, sauti nzito ya chini, na maneno ya Kirangi ambayo sikuyaelewa isipokuwa jina la Uwesu. Batuli aliniambia baadaye kwamba tangu ashuke kutoka Kondoa yule mama hakuwa amelia ndani ya nyumba ile hata mara moja, maana mtoto alikuwepo muda wote na mtoto hakutakiwa kujua. Wasichana wakafanya waliyoyaona kwa mama zao. Mmoja alimfuta uso kwa kitambaa cha mwanasesere, mwingine akamshika kichwa. Joha akakaa ubavuni kwake, akamwegemea. Hakuna mkubwa aliyewapangia.

Wavulana waliporudi na mchanga mikononi, Kefa akasema "Amina", na Munira akasema sasa watu wanakula, wakitoka kuzika watu wanakula. Ilikuwa saa nne. Uji ukaletwa.

Joha alipokea kikombe chake. Akanywa mafunda machache akatua, nami nikaushika mguu wa kigoda changu. Akakiinua tena. Akanywa, akapumua, akanywa, mafuta ya karanga yanang'aa juu ya mdomo, koo lake jembamba linapanda na kushuka. Karibu na mwisho akaacha. Akachukua kikombe chenye kifuniko, akamiminia kile kidogo kilichobaki, akafunika, akakandamiza kwa kiganja. Nilifumba macho. Nilijiambia ndiyo basi, tumerudi tulikotoka.

Nilipofumbua alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi yake.

"Nimekubakizia," alimwambia.

Bibi Mwamvua akajifuta uso kwa upande wa khanga, akafunua kikombe, akanywa mpaka mwisho. Joha alisimama palepale akimwangalia, na alipomaliza akakichukua na kuchungulia ndani.